Saa 85 kwa Mwezi

Anayemwona rubani akikatiza ukumbi wa uwanja wa ndege, kofia kichwani na mistari minne begani, humhesabu kati ya watu waliofanikiwa. Sare hiyo haielezi atalala wapi usiku huo, nani amempangia safari ya kesho, wala kama anayo haki ya kusema amechoka. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayopima ubora wa maisha yake, na historia ya marubani wa safari za ndani nchini Marekani inayaeleza vizuri kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa huko ugomvi wa rubani na mwajiri ulianza mapema na ukaacha kumbukumbu nyingi mahakamani, bungeni na katika vyama vya wafanyakazi. Ninachokiona katika historia hiyo ni jambo moja: maisha ya rubani yamepanda na kushuka kufuatana na nani anayeamua juu ya muda wake. Ndege zilizidi kuwa imara mwaka hadi mwaka, na kazi haikukosa fahari hata siku moja, lakini rubani wa mwaka 2005 aliyekuwa na kompyuta mbele yake aliweza kuishi kwa dhiki kuliko yule wa mwaka 1955 aliyesukuma injini za pistoni.

Mwanzo wenyewe ulikuwa barua. Tarehe 15 Mei 1918 serikali ya Marekani ilianza kusafirisha barua kwa ndege kati ya Washington, Philadelphia na New York, kwanza kwa kutumia marubani wa jeshi, kisha, kuanzia Agosti mwaka huohuo, marubani raia walioajiriwa na Idara ya Posta. Waliketi kwenye ndege zisizo na paa, bila redio, wakifuata reli na mito ili wasipotee. Malipo hayakuwa mabaya hata kidogo: kulikuwa na mshahara wa msingi, na juu yake fedha kwa kila maili, ambazo usiku zilikuwa maradufu. Lakini Otto Praeger, ofisa aliyeisimamia huduma hiyo kutoka Washington, alishikilia kwamba barua ziende kwa ratiba, mvua inyeshe au ukungu utande. Amri ilifika kwa simu ya maandishi kwa mtu aliyesimama uwanjani haoni hata mwisho wa njia ya kurukia. Julai 1919 marubani wawili walikataa kuruka katika ukungu wa New York, wakafukuzwa kazi, wenzao wakagoma. Mgomo haukuchukua siku nyingi, na uliisha kwa makubaliano kwamba uamuzi kuhusu hali ya hewa ufanywe na walioko uwanjani. Hata hivyo, hadi huduma ya posta ilipokabidhiwa kampuni binafsi mwaka 1927, marubani zaidi ya 30 walikuwa wamekufa kazini. Watu hao walilipwa vizuri, wakaishi vibaya na wengi wao wakaishi kidogo. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa fedha peke yake haikuwa kipimo cha kutosha, hasa fedha ya maili, ambayo humwadhibu mfukoni rubani anayekataa kuruka kwa sababu njema.

Kampuni binafsi zilizopewa mikataba ya barua chini ya sheria ya mwaka 1925 zilirithi marubani pamoja na ugomvi wao. Mdororo mkubwa wa uchumi ulipopiga, vijana wenye leseni walijaa mitaani, na kila mwenye kampuni alijua kwamba akimfukuza mmoja atapata watatu. Julai 1931 marubani walikutana Chicago wakaunda chama chao, kikiongozwa na David Behncke, na kwa kuwa kujulikana tu kuwa mwanachama kungeweza kumgharimu mtu kazi, mwanzoni majina yalifichwa. Mtihani wa kwanza ulikuja Februari 1932, tajiri E. L. Cord alipotaka kukata mishahara ya marubani wa kampuni yake ya Century na kuwafungia nje waliokataa. Marubani hao hawakufika hata 30. Walipeleka kilio chao Washington, wakapata wa kuwasemea katika Fiorello La Guardia, mbunge wa New York, na kabla mwaka haujasonga sana Cord alikuwa ameiuza kampuni. Ushindi huo haukuwarudishia wote kazi zao, lakini uliwafundisha marubani kwamba wachache wenye ujuzi adimu hawashindi mezani kwa mwajiri. Hushinda pale wanapoifanya saa yao ya kazi kuwa jambo la sheria.

Nafasi ya kufanya hivyo ilijitokeza mwaka uliofuata. Ndege mpya zilikuwa na mwendo wa kasi zaidi, na kampuni zikataka kuachana na malipo ya maili na kulipa kwa saa. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: ndege ikienda kasi, njia ileile huchukua saa chache, na rubani hulipwa kidogo kwa kazi ileile huku akibeba abiria wengi zaidi. Marubani wakatishia kugoma, na shauri likafika kwa Bodi ya Taifa ya Kazi. Mei 1934 bodi hiyo ilitoa uamuzi wake wa namba 83, ambao naamini ni karatasi muhimu kuliko zote katika historia ya kazi hii. Malipo yakachanganywa: mshahara wa msingi, fedha ya saa, na fedha ya maili, ili faida ya kasi isiingie mfuko mmoja tu. Na pamoja na hayo ukawekwa ukomo, kwamba rubani asirushe ndege zaidi ya saa 85 kwa mwezi. Mwaka 1938 Bunge liliyaingiza masharti hayo ya malipo katika sheria mpya ya usafiri wa anga.

Msomaji anaweza kuona saa 85 kwa mwezi ni upendeleo, maana karani wa ofisini hufanya karibu mara mbili ya hizo. Lakini saa ya rubani huhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama tena. Kukagua ndege, kusoma hali ya hewa, kusubiri abiria wapande, kukaa saa tatu kwenye uwanja wa ugenini kabla ya safari inayofuata, kwenda hotelini na kurudi, yote hayo yamo nje ya hesabu. Saa moja ya kulipwa huweza kubeba saa mbili au tatu za kuwa mbali na nyumbani. Ukomo ule uliwapa marubani kitu ambacho Idara ya Posta haikuwahi kuwapa, nacho ni siku ambazo kampuni haikuweza kuzigusa.

Juu ya ukomo huo ukajengwa utaratibu wa ukongwe kazini. Kila rubani anapoajiriwa hupewa namba kwa tarehe ya kuingia, na namba hiyo huamua karibu kila kitu: ndege atakayorusha, mji atakaokuwa na kituo chake, lini atapanda kuwa kapteni, likizo yake iangukie Desemba au Februari. Kila mwezi marubani huomba ratiba wanazozitaka, na ratiba hugawiwa kutoka juu ya orodha kwenda chini. Aliye juu hupata safari zinazoanza Jumatatu asubuhi na kuisha Alhamisi jioni. Aliye chini kabisa hukosa ratiba. Hupewa zamu ya akiba, yaani akae karibu na uwanja, simu mkononi, na akiitwa awe amefika kazini baada ya saa mbili hivi. Akitaka kuhama kampuni, namba haihami naye. Kapteni mwenye miaka 20 ya kazi akienda kwingine huanza mwisho wa orodha, kwa mshahara wa mgeni. Utaratibu huo uliwakinga marubani dhidi ya upendeleo wa wakubwa na dhidi ya kuadhibiwa kwa kukataa kuruka katika hali mbaya, na kwa miaka 40 uliwapa maisha ya kutabirika, kwa kuwa serikali nayo ilipanga nauli na njia, na kampuni haikuwa na mshindani wa kuivunjia bei.

Hapa lazima nikubali hoja nzito dhidi ya kipindi hicho, ambacho wastaafu wengi hukikumbuka kwa mapenzi. Orodha iliyowalinda waliokuwa ndani iliwafungia wengine nje. Helen Richey aliajiriwa na kampuni ya Central mwisho wa mwaka 1934, lakini chama cha marubani kilimkataa kwa kuwa ni mwanamke, na mwaka uliofuata akajiuzulu. Mwanamke mwingine, Emily Howell, aliajiriwa na Frontier mwaka 1973 tu. Marlon Green, rubani mweusi aliyetoka jeshi la anga, aliomba kazi Continental mwaka 1957 na akanyimwa. Ilibidi shauri lake lifike Mahakama ya Juu mwaka 1963 ndipo apate haki, na akaanza kazi mwaka 1965. Kila mwaka waliocheleweshwa mlangoni ulikuwa pia namba waliyoipoteza kwenye orodha. Kwa hiyo sisemi kwamba maisha ya rubani wa 1955 yalikuwa ya haki. Nasema yalikuwa mazuri kwa waliokuwemo, na yalikuwa mazuri kwa sababu muda wao ulikuwa na mipaka iliyoandikwa.

Mipaka hiyo haikufutwa mwaka 1978, lakini kilichoishikilia kilibomolewa. Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuondoa udhibiti wa nauli na njia Oktoba mwaka huo, na kampuni mpya zisizo na vyama wala wafanyakazi wa siku nyingi zikaingia sokoni. Septemba 1983 Frank Lorenzo, mkuu wa Continental, aliipeleka kampuni hiyo kwenye ulinzi wa mahakama ya mufilisi, akafuta mikataba ya wafanyakazi, kisha akairusha upya baada ya siku chache kwa mishahara iliyopunguzwa karibu nusu. Marubani waligoma miaka miwili na hawakushinda. Mwaka huohuo American ilipata mkataba wenye ngazi mbili za mshahara: walioko kazini wabaki na malipo yao, watakaokuja walipwe chini kwa kazi ileile na katika chumba kilekile cha marubani. United ilipodai hivyo mwaka 1985, marubani wake walisimamisha kazi siku 29. Ngazi mbili hizo zilikuja kufifia ndani ya kampuni kubwa, lakini wazo lake lilihamia mahali ambapo halikuonekana kwa urahisi.

Lilihamia kwenye kampuni ndogo za mikoa. Kampuni kubwa zilianza kuwapa wakandarasi safari fupi za kuwaleta abiria kwenye vituo vyao vikuu. Ndege ilipakwa rangi za kampuni kubwa, tiketi iliuzwa kwa jina la kampuni kubwa, na abiria aliyefunga mkanda alidhani anasafiri nayo. Wenye usukani walikuwa waajiriwa wa kampuni nyingine, wenye orodha nyingine na mshahara mwingine. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 2000 karibu nusu ya safari zote za ndani ziliendeshwa hivyo. Rubani msaidizi mpya alilipwa dola 20 na kitu kwa saa, na kwa saa 75 alizohakikishiwa kwa mwezi, hesabu yake ilikuwa dola 18,000 hivi kwa mwaka, baada ya kujisomesha urubani kwa mkopo mkubwa kuliko hizo mara kadhaa. Kituo chake kilikuwa mji wa gharama kubwa na kiliweza kubadilishwa mkataba ulipohamia kwa mkandarasi mwingine, hivyo wengi hawakuhamia huko. Walikaa walikozaliwa, wakawa wanakwenda kazini kwa ndege, wakiomba kiti kilichobaki wazi, na kulala katika nyumba za kupanga zenye vitanda vya ghorofa ambavyo marubani kadhaa walipokezana. Asiyeweza kulipia kitanda alilala kwenye kochi la chumba cha wafanyakazi uwanjani, jambo ambalo kampuni zilikataza na kila mtu alilijua.

Mwaka 2009 hali hiyo ilifika mbele ya macho ya umma. Usiku wa tarehe 12 Februari ndege ya kampuni ya Colgan, yenye rangi za Continental, ilianguka karibu na Buffalo ikitoka Newark. Walikufa wote 49 waliokuwemo na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Uchunguzi ulionyesha kwamba rubani msaidizi, mwenye miaka 24, alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kwa ndege za mizigo kupitia Memphis, akafika Newark alfajiri, akapumzika kwenye chumba cha wafanyakazi kabla ya zamu yake. Mezani kwa wachunguzi kampuni ilitaja mshahara wake kuwa dola 16,000 na ushei, kisha ikasahihisha kwa kutaja kiasi cha juu zaidi, ambacho nacho hakikufika 25,000. Siku 12 baada ya ajali hiyo, Chesley Sullenberger, kapteni aliyekuwa ametua majini Mto Hudson mwezi mmoja kabla na kuwaokoa watu wote 155, alikaa mbele ya kamati ya Bunge akaeleza kwamba mshahara wake ulikuwa umekatwa kwa asilimia 40 na pensheni yake kuvunjwa. Nchi nzima ilikuwa ikimsifu, naye akatumia dakika zake kuzungumzia hilo.

Wapo watakaosema hapa kwamba nachanganya mambo mawili, na hoja yao inastahili jibu la kweli. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri iliposoma ajali ya Buffalo, ilisema chanzo ni kapteni kuitikia kinyume onyo la ndege iliyokuwa ikipoteza kasi. Uchovu ulitajwa kwamba yawezekana uliwapunguzia marubani umakini, lakini bodi haikuuweka kati ya vyanzo, ingawa mwenyekiti wake wakati ule, Deborah Hersman, alitaka uhesabiwe kuwa sababu iliyochangia. Zaidi ya hayo, tangu 1978 nauli zilishuka sana ukilinganisha na thamani ya fedha, familia ambazo zamani zisingeota kupanda ndege zilipanda, na usafiri wa anga ukazidi kuwa salama katika miaka ileile ambayo mishahara ilianguka. Yote hayo ni kweli. Mimi sitaki kujenga hoja kwamba rubani maskini huangusha ndege; ushahidi haunipeleki huko, na ni kuwakosea heshima maelfu waliotua salama kila siku wakiwa wamelala saa nne. Rubani anastahili kulala kwa sababu ni mtu, kabla hatujafika kwenye usalama wa aliyeketi nyuma yake. Ilichofanya ajali ya Buffalo ni kuwafanya wabunge wauangalie mpango ambao ulikuwa ukifanya kazi sawasawa na ulivyokusudiwa.

Sheria ya Agosti 2010 ilileta mabadiliko mawili. La kwanza, kuanzia 2013, rubani msaidizi wa shirika la abiria alitakiwa awe na saa 1,500 za kuruka, isipokuwa wachache kama waliotoka jeshini au vyuo maalumu, ambapo awali leseni ya kibiashara iliyopatikana kwa saa 250 hivi ilitosha. La pili, kuanzia Januari 2014, mapumziko kabla ya zamu yakawa saa 10, ndani yake zikiwemo saa nane za nafasi ya kulala bila kusumbuliwa; na rubani akapewa haki ya kusema amechoka mno kuruka. Karibu karne moja baada ya ukungu wa New York, kukataa kwa rubani kukaandikwa kwenye kanuni.

Wanauchumi wa soko huria wanapenda kusema kwamba mambo yalijirekebisha yenyewe, na wananyoosha kidole mwaka 2022, kampuni tatu za mikoa zinazomilikiwa na American zilipopandisha malipo ya rubani msaidizi mpya hadi dola 90 kwa saa. Kwa saa 75 za mwezi, hiyo ni dola 81,000 kwa mwaka. Mwaka uliofuata marubani wa Delta walipata mkataba wa nyongeza ya asilimia 34 kwa miaka minne. Lakini soko hilo halikutikisika lenyewe. Uhaba wa marubani ulitokana kwa sehemu na masharti ya saa 1,500, kwa sehemu na umri wa kustaafu wa miaka 65 uliowekwa kisheria, na kwa sehemu na maelfu waliolipwa wastaafu mapema janga la korona lilipozifungia ndege ardhini mwaka 2020. Kwa miongo mitatu kabla ya hapo soko lilikuwa huru kupandisha mshahara wa rubani msaidizi, na halikupandisha.

Hoja nyingine ni kwamba hakuna aliyelazimishwa: kijana huchagua urubani kwa mapenzi, basi avumilie. Nadhani mapenzi hayo ndiyo yaliyowagharimu zaidi. Mwajiri anayejua kwamba mwombaji angeruka hata bure hana haraka ya kumpangia siku za kupumzika, na utaratibu wa ukongwe humfunga yule aliyeingia asiweze kuondoka bila kupoteza miaka yake. Hata Nairobi, marubani wa Kenya Airways walipogoma Novemba 2022, dai lao kubwa lilikuwa michango ya mfuko wa akiba ya uzeeni iliyosimamishwa, pamoja na mishahara iliyozuiwa wakati wa janga. Mahakama iliwarudisha kazini baada ya siku chache. Wengi waliwalaumu kwa kuwa wanalipwa kuliko mwalimu au muuguzi, na kweli wanalipwa kuliko hao. Lakini kulipwa vizuri leo hakumzuii mtu kudai uzee alioahidiwa kwa maandishi.

Ukitaka kuona jinsi maisha haya yanavyotegemea nani ameandikwa na nani hakuandikwa, tazama kanuni ileile ya mwaka 2014. Marubani wa ndege za mizigo waliachwa nje yake. Serikali ilipiga hesabu ikaona gharama ya kuwaingiza inazidi faida, kwa kuwa ndege ya mizigo ikianguka hufa watu wachache. Ni marubani wa leseni ileile, wanaotumia viwanja vilevile, na kazi yao kubwa ni ya usiku, saa ambazo mwili wa binadamu huomba kulala kuliko zote. Agosti 2013 ndege ya mizigo ya UPS ilianguka alfajiri ikikaribia kutua Birmingham, Alabama, ikaua marubani wote wawili. Kinasa sauti kilikuwa kimewanasa wakizungumzia kanuni mpya za mapumziko na uchovu wa kazi yao. Miswada ya kuwaingiza marubani wa mizigo katika kanuni hiyo imepelekwa bungeni zaidi ya mara moja tangu hapo, na haijapita.